Je, Mkristo Aweza Kumtetea Aliyemwumiza Jirani?

Jumapili moja baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa parishi yetu alitungoja mlangoni pa kanisa. Hakuja kwa habari ya ugonjwa wala ya ugomvi wa nyumba. Kijana wake amemaliza masomo ya sheria, naye amepata nafasi katika ofisi ya mawakili hapa mjini Moshi ambayo kazi yake kubwa ni kuwatetea watu wanaodaiwa fidia: wenye mabasi, wenye malori, wenye hoteli, makampuni ya kupandisha wageni mlimani, na nyuma yao wote makampuni ya bima. Mama akasema, "Nilimsomesha kwa kahawa na ndizi ili awasaidie wanyonge. Sasa anakwenda kusimama upande wa mwenye basi, na yule aliyevunjika miguu amekaa upande wa pili. Hiyo ni kazi ya Mkristo?"

Tulimjibu upesi kwamba kila kazi iliyo halali ni njema mbele za Mungu. Tulipofika nyumbani tuliona kwamba tumemjibu vibaya. Yeye hakuuliza kama kazi hiyo ni halali. Alijua kwamba ni halali. Aliuliza jambo jingine, na kwa kuwa wako wazazi wengine kati yetu wenye vijana katika vyuo vya sheria, tumeona yafaa kulijibu hapa kwa utaratibu kidogo.

Wengi wetu tukisikia neno wakili twamfikiria mtu aliye kizimbani kwa wizi au kuua. Hiyo ni kesi ya jinai. Katika kesi ya madai hapana kizimba wala gereza. Mtu aliyeumizwa, au jamaa za aliyekufa, huandika hati ya madai na kumwita mahakamani yule ambaye wanasema uzembe wake ndio ulioleta hasara. Huyo aitwa mdaiwa. Akishapokea samansi ana siku 21 za kuleta utetezi wake kwa maandishi, na asipouleta, kesi yaweza kuamuliwa bila yeye kusikilizwa. (Tunawajua wazee walioiweka samansi kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, wakingoja jambo lipoe lenyewe. Halikupoa.) Tena si lazima mdaiwa awe ndiye aliyeshika usukani. Mwenye basi aweza kuwa amelala nyumbani kwake Marangu wakati dereva wake anapolipindua basi karibu na Boma la Ng'ombe, na bado sheria itamtaka ajibu, kwa maana dereva alikuwa katika kazi aliyomtuma. Ndiyo sababu gari haliruhusiwi kuingia barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Hapa Tanzania Bara, toka 1967 bima yote ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, mpaka sheria ya 1996 ilipowafungulia wengine mlango. Siku hizi makampuni ni mengi, na kila moja lahitaji mawakili.

Kijana wa mama yule atakwenda njia ndefu. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, ambacho ndicho cha kwanza kwetu, kilifunguliwa mwaka 1961 na wanafunzi 14 tu. Sasa vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi, lakini mwenye digrii hana budi kupita pia katika shule ya sheria kwa vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, ndipo akubaliwe na Jaji Mkuu na kuandikwa katika orodha ya mawakili. Na akishaandikwa, siku zake nyingi hazipiti katika kusema kwa sauti mbele ya jaji, kama watu wadhanivyo. Hupita katika karatasi. Husoma ramani ya ajali iliyochorwa na polisi, na fomu ya PF3 ambayo majeruhi alikwenda nayo hospitali, na cheti cha daktari kinachosema ulemavu ni asilimia ngapi, na risiti za dawa na za nauli. Humwuliza kondakta kama abiria walikuwa wamesimama. Humwuliza fundi breki zilikaguliwa lini.

Sasa je, maswali haya ni ya kumdhulumu majeruhi? Tumefungua Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, nasi tumeona kwamba Musa naye aliyauliza. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe hata akafa, ng'ombe huuawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe yule alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hapo mwenyewe ana hatia kubwa. Na mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Tazameni jinsi hukumu nzima inavyosimama juu ya swali moja: je, alikuwa ameonywa? Mtu fulani hana budi kusimama na kuliuliza swali hilo kwa niaba ya mwenye ng'ombe, maana aliyefiwa hataliuliza, wala hatuwezi kumtaka aliulize katikati ya msiba wake. Nikodemo naye, katika Injili ya Yohana, aliwakumbusha wenzake kwamba torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Kwa hiyo kwanza tunasema kwamba kumtetea mdaiwa si dhambi. Wako wanaodaiwa bila kosa. Wako wenye kosa ambao wanadaiwa mara kumi ya hasara waliyoleta. Na fedha ya bima, ambayo wengi huiona kama mto usio na mwenyewe, imetoka kwa mwenye Noah ya Himo na mwenye pikipiki ya Machame, na hatimaye katika nauli ya kila mmoja wetu. Risiti ya uongo hutuibia sisi sote, hata kama imeletwa na mtu mwenye magongo.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemjibu mama nusu tu.

Iko kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria katika nchi yetu huijua, maana sheria ya Kiingereza ya uzembe iliingia Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920 na mahakama zetu zinaifuata hata leo. Tarehe 26 Agosti 1928, mama mmoja maskini jina lake May Donoghue aliingia katika mkahawa mjini Paisley, Scotland. Rafiki yake akamnunulia chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi kilichomo. Akanywa kidogo, na rafiki yake alipomimina kilichobaki, pakatoka, kama mama yule alivyodai, konokono aliyeoza. Akaugua. Akamdai mtengenezaji, Bwana Stevenson, paundi 500. Shida ilikuwa kwamba hakununua chupa ile yeye mwenyewe, wala hakuwa na mapatano yoyote na Stevenson, na mawakili wa Stevenson walishikilia hapo: mteja wetu hana deni kwa mtu asiyemjua. Hawakuwa watu wabaya kwa kusema hivyo. Sheria nyingi za wakati ule zilikuwa upande wao, na miaka michache tu kabla yake watu walioleta madai ya panya katika chupa walikuwa wameshindwa.

Mama Donoghue aliapa mbele ya mahakama kwamba hana mali inayofikia paundi tano duniani, ili aruhusiwe kuendelea bila kulipa gharama. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malodi mjini London, na tarehe 26 Mei 1932 majaji watatu walikuwa upande wake na wawili upande wa Stevenson. Mmoja wa wale watatu, Lodi Atkin, alikwenda moja kwa moja kwenye swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu katika Luka sura ya 10: jirani yangu ni nani? Alieleza kwamba amri ya kumpenda jirani, ikiingia katika sheria, huwa amri ya kutomdhuru. Na jirani ni kila mtu ambaye tendo langu laweza kumgusa kwa karibu kiasi kwamba ilinipasa kumfikiri kabla ya kulitenda. Basi kila dereva wa daladala anayetoka stendi ya Moshi leo ana majirani asiowajua majina, na sheria inayomfunga ilichukuliwa katika mfano wa Msamaria.

Jambo moja katika habari hii hutupendeza zaidi ya yote. Mpaka leo haijulikani kama konokono alikuwamo. Malodi waliamua swali la sheria tu. Ushahidi haukusikilizwa, kwa maana Stevenson alikufa na walioachiwa mali yake wakapatana na mama yule. Kanuni inayolinda watu karibu dunia nzima ilipatikana kwa sababu upande wa pili ulibisha kwa nguvu na kwa uaminifu. Mawakili wa Stevenson wangenyamaza, tusingeipata.

Na sisi wa Kilimanjaro tumeukaribia mfano huo kuliko wengi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Majeruhi wa barabara ya Arusha na ya Himo hupelekwa huko, yaani kwenye nyumba ya wageni ya mfano ule, na baada ya miezi hutoka na cheti cha daktari ambacho wakili wa mdaiwa atakisoma neno kwa neno akitafuta udhaifu wake. Tusione haya kusema kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja vizuri moyoni.

Tulikwenda kumwona mzee mmoja, wakili aliyefanya kazi hii ya kutetea wadaiwa kwa miaka mingi na sasa amestaafu kwenye kihamba chake. Alituomba tusiandike jina lake. Tulimwuliza ni nini kilichokuwa kigumu. Tulidhani atasema siri, kwa kuwa sheria humkataza wakili kutoa aliyoambiwa na mteja wake. Akasema siri haikumsumbua sana: hata kasisi ana siri. Mteja akimwambia kwamba alijua breki mbovu, yeye hatakwenda kumwambia mdai. Lakini pia hatamwacha mteja huyo apande kuapa kwamba breki zilikuwa nzima. Akikataa kusikia, atajitoa katika kesi. "Kunyamaza nimeruhusiwa," alisema. "Kusema uongo sikuruhusiwa, na mpaka kati ya mambo hayo si mwembamba kama watu wanavyosema."

Kitu cha kwanza kilichomtesa kilikuwa muda. Sheria yetu ya ukomo ya mwaka 1971 humpa mtu aliyeumizwa kwa uzembe miaka mitatu tu ya kufungua kesi. Mama aliyelazwa mwaka mzima, akarudi nyumbani kujifunza kutembea, akangoja ndugu wachange fedha, huja mahakamani akiwa amechelewa mwezi mmoja. Tulimwuliza kama Mkristo hawezi kuacha tu kuitaja sheria hiyo. Akacheka kwa huzuni, akatueleza kwamba haisaidii: sheria yamwagiza hakimu mwenyewe kuifuta kesi iliyochelewa, hata kama mdaiwa hakusema neno. Ila iko njia ambayo watu hawaijui. Waziri wa Sheria anao uwezo wa kuongeza muda, lakini kwa kiasi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa, yaani kwa madai ya namna hii mwaka mmoja na nusu. Wakili wa mdaiwa hawezi kumshauri adui wa mteja wake. Lakini hakuna kinachomkataza kumwambia, "Mama, usiongee na mimi, tafuta wakili leo, wala si kesho." Yeye alisema maneno hayo mara nyingi, na wateja wake wawili walimwacha kwa ajili hiyo. Tangu 2017 iko pia sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na tunawaomba wazee wa kanisa waijue.

La pili ndilo lililomfanya anyamaze kitambo kabla ya kulisema.

Katika mkataba wa bima ya gari kwa kawaida kuna sharti kwamba mwenye gari asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Akikiri, kampuni yaweza kusema kwamba amevunja mapatano. Kwa hiyo neno la kwanza ambalo wakili humwambia mteja wake ni hili: usiende kule, usiseme nao. Sasa sisi tulioko mlimani twajua desturi yetu. Mtu aliyekosa huchukua jani la sale, lile lile lililopandwa kwenye mpaka wa kihamba na penye makaburi, akaenda nalo pamoja na wazee kwa yule aliyemkosea. Na anayeletewa sale hukosa raha mpaka alipokee. Bwana wetu naye katika mahubiri ya mlimani alitufundisha kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Hakusema tungoje idhini.

Waingereza wameliona tatizo hili. Mwaka 2006 bunge lao lilitunga sheria kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Mwaka huo huo jimbo la British Columbia huko Kanada lilifanya vivyo hivyo. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, ingawa kwa upande mmoja tumetangulia kwa sababu ya lugha yetu. Kiswahili kina "pole" na kina "nisamehe", na kila mtoto ajua kwamba si neno moja. Aweza kusema pole hata asiyehusika. Mpita njia humwambia pole aliyejikwaa. Wakili mwenye moyo aweza kabisa kumruhusu mteja wake aende msibani, akae na watu, achangie sukari na majani ya chai, aseme pole, na hakuna hakimu atakayemhesabia hilo kuwa ungamo. Tunadhani mawakili wengi wanakataza hata hili kwa uvivu tu, kwa maana ni rahisi kusema "usiende" kuliko kueleza.

Hata hivyo pole nayo yaweza kuwa mahali pa kujificha. Mwenye kosa akija na pole, na kila mtu pale ajua kwamba ilimpasa kuja na sale, wafiwa huondoka na jeraha la pili.

Mzee alitusimulia habari ya mteja wake mmoja, mwenye lori. Dereva wake alimgonga kijana wa jirani, watu wa mfereji mmoja, wanaopokezana maji kwa zamu tangu enzi za babu zao. Mwenye lori alitaka kwenda na sale siku ya tatu. Wakili akamkataza. Kesi ikaenda kama kesi ziendavyo. Mwisho wake ulikuwa mzuri kwa vipimo vya mahakama: tangu 1994 kesi za namna hii zinatakiwa kupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na huko, ambako maneno ya mapatano hayageuzwi kuwa ushahidi, walikubaliana kiasi, na bima ikalipa. Ndipo mwenye lori akaenda na sale yake. Babu wa marehemu, ambaye ndiye angeipokea, alikuwa ameshakufa. Waliobaki walimkaribisha kwa heshima, wakampa kiti, lakini wakamwambia kwamba sale hutangulia na fedha hufuata, na yeye ameanza na fedha.

"Nilishinda," mzee alituambia, "kwa maana nilimpunguzia mteja karibu nusu ya madai. Na mpaka leo jamaa zile mbili hazikutani ila kwenye mfereji."

Baada ya hapo alibadili desturi yake. Siku ya kwanza kabisa ya kesi ya kifo aliiandikia kampuni ya bima barua kuomba idhini mteja wake aende kwa wafiwa kwa desturi ya kwao. Baadhi ya makampuni yalijibu katika juma moja, yakikubali. Mengine hayakujibu kamwe. Tulimwuliza alifanya nini yasipojibu, kwa kuwa wakili hana haki ya kuichezea hasara ya mtu mwingine kwa ajili ya dhamiri yake mwenyewe. Akasema hivyo ndivyo alivyofikiri naye. Alimwita mteja, akamweleza kwa maandishi hasara yote atakayoipata akienda, akamtaka atie sahihi kwamba ameelewa, kisha akamwacha achague mwenyewe. Wengi walichagua kungoja, wala hakuwalaumu. Wawili walikwenda. Mmoja wao, bima iliwalipa wafiwa kama sheria inavyoiagiza, halafu ikamgeukia yeye irudishiwe fedha yake kwa kuwa alivunja sharti. Akauza lori.

Tulimpelekea mama yule habari hizi zote kama tulivyozisikia, pamoja na hiyo ya lori. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza nyumba ya mzee huyo iko upande gani wa barabara, maana anataka kijana wake aende kumwona kabla hajaanza kazi.